Mtoto Nisiyeweza Kumwita

Bulyaga, Tukuyu
14 Januari 2024

Baba, shikamoo.

Natumaini unaendelea vizuri huko Mpuguso, wewe na ng'ombe wako na ule mgomba wa mbele ya nyumba ambao Lusungu anasema unausemesha. Sisi hatujambo. Mvua haikatiki, nepi hazikauki, nyumba nzima ni kamba na nguo, tunapita tumeinama. Jenifer ameanza darasa la kwanza na tayari anajua kuliko mwalimu wake.

Usishtuke kupata barua ya mkamwana wako. Miaka minane nimeolewa kwako na nimekuona mara tatu, zote mgongo, na mara ya mwisho ulikuwa unaingia migombani kwa kasi ambayo sikuitegemea kwa mtu wa umri wako. Walimu wenzangu wananicheka: mwanamke msomi, baba mkwe akipita anajificha nyuma ya mlango, na jina lake hawezi kulitamka! Nawaambia kwetu ndivyo tunavyotila, yaani kumkwepa mkwe na jina lake, ndiyo heshima niliyofundishwa na mama. Darasani kwangu yupo mwanafunzi mwenye jina lako. Namwita Namba Kumi na Nne. Lakini sijasikia mtu akisema kalamu nayo inakatazwa.

Tatizo ni mwanao. Akikupigia simu mnaongea robo saa, mnacheka, akimaliza nikimuuliza Baba kasemaje, ananijibu, "Kasema hamjambo." Basi nimeamua kuandika mwenyewe.

Mtoto alipozaliwa tarehe 20 Desemba, Lusungu alikwenda kumwandikisha peke yake, akarudi anachekelea. Amempa jina lako! Nimefurahi, Baba, nisikudanganye. Lakini sasa mimi namwitaje? Siku ishirini na tano namwita Mgeni. Mgeni njoo unyonye, Mgeni umechafua tena. Jirani yetu Mwanabibi wa dukani ameniuliza huyu mgeni anaondoka lini. Kibaya zaidi ni Jenifer, ambaye hana mkwe wala aibu. Jana alisimama mlangoni akalitaja jina lako lote kwa sauti, akaongeza, "Umejikojolea tena! Mtu mzima wewe!" Nilijifunika khanga usoni nikiwa peke yangu chumbani.

Naomba ruhusa yako, Baba. Niruhusu nimwite mwanangu jina lake.

Mimi mkamwana wako,
Tupokigwe


Mpuguso
28 Januari 2024

Mama Jenifer, ugonile.

Barua yako ya tarehe 14 nimeipokea tarehe 21 kwa mkono wa Sekela, binti wa marehemu kaka yangu, aliporudi kuuza ndizi zake sokoni huko. Aliifunga pamoja na dagaa. Nimeisoma mara nne na bado inanuka.

Hapa ni wazima. Ng'ombe amezaa ndama dume. Mgomba siusemeshi, huwa nawaza kwa sauti.

Kuhusu kujikojolea, mwambie Jenifer kwamba tuhuma hizo nazikanusha.

Kuhusu ruhusa, sina. Sisemi nakunyima, nasema sina. Desturi hii nimeikuta. Marehemu mama yenu Anyosisye alikaa nami miaka arobaini na miwili, na baba yangu aliitwa Yakobo. Unajua alivyokuwa anasoma Biblia? "Mungu wa Abrahamu, wa Isaka na wa yule mwingine." Kanisa zima lilizoea, mchungaji mgeni tu ndiye aliyekuwa anashtuka. Kama yeye aliweza mbele ya madhabahu, wewe utaweza mbele ya beseni la nepi.

Hukuandika uzito wa mtoto. Nimekuwa karani wa kupima majani ya chai miaka thelathini na mmoja, na barua isiyo na kilo naiona haijakamilika. Andika kilo.

Samahani kwa mwandiko. Mkono wa kulia umechoka kidogo.

Baba yenu


Bulyaga
3 Machi 2024

Baba, shikamoo.

Pole na mkono. Sisi wazima. Jenifer ameng'oka jino, analitembeza mtaani kwenye kiberiti. Mgeni ana kilo tano na gramu mia sita, nimeziandika mwanzoni ili usome kwa amani.

Kilo hizo zilinitoa jasho. Kliniki kuna muuguzi mpya, binti kutoka Tanga, mpole lakini mfuata kanuni. Akaniuliza, "Mtoto anaitwa nani?" Nikamwambia limeandikwa kwenye kadi. "Nimekuuliza wewe, mama." Nikamwambia anaitwa kama babu yake. "Babu yake anaitwa nani?" Nikasema, "Kama yeye." Baba, yule binti alikumbatia kadi kifuani akaanza kunitazama kama mwizi wa watoto! Akasema asiyejua jina la mtoto hapewi mtoto mpaka mkubwa wake aje. Akina mama wote kwenye benchi wanakufa kwa kicheko, hakuna anayenisaidia. Mwanabibi, aliyemleta mjukuu wake, ndiye aliyesimama: "Wallahi huyo mtoto ni Jairo, na huyu mama yake hana wazimu, ni Mnyakyusa! Mpe mwanawe aende!" Nikapewa.

Nilicheka mpaka nyumbani. Nilipofika nikalia kidogo, sijui kwa nini. Mtoto ana miezi miwili na nusu, na kila mtu amemwita jina lake isipokuwa mama yake.

Tarehe 13 narudi kazini. Tulia, dada aliyekuwa ananisaidia, ameondoka kwenda Mbeya kujifunza saluni, hakuaga. Lusungu yuko barabarani na lori la ndizi, Dar kwenda na kurudi, nyumbani tunamwona siku mbili kwa wiki. Mwanabibi amekubali kukaa na mtoto dukani kwake, katikati ya magunia ya mchele. Itakuwa sawa tu. Usiwe na wasiwasi.

Nilimuuliza Sekela habari ya mkono wako. Akasema, "Yupo." Sikupenda alivyolisema. Pasaka Lusungu atamleta Jenifer kukusalimia. Mgeni bado ananyonya, na mimi siwezi kuingia uani kwako, kwa hiyo yeye atabaki.

Tupokigwe


Mpuguso
1 Aprili 2024

Mama Jenifer, ugonile.

Pasaka imepita salama. Lusungu na Jenifer wamefika, wamekula, wameondoka. Natuma barua hii haraka kwa sababu mjukuu wangu ana macho makali na mdomo usiofungwa, na nisingependa upate habari kabla hazijapangwa vizuri.

Fimbo aliyoiona ni ya kufukuzia kuku. Kama nilikuwa nimeiegemea, ni kwa sababu kuku hawakuwepo. Kitanda nimekihamishia jikoni kwa ajili ya joto, jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angefanya. Bati kutoboka juu ya chumba ni habari nyingine kabisa. Sufuria imekuwa nyeusi siku zote. Na sikuanguka. Mwezi wa kwanza niliteleza migombani, nikakaa chini kidogo, jioni Sekela akapita akanishika mkono nikasimama. Kukaa chini siyo kuanguka.

Lusungu alinionyesha picha ya mtoto kwenye simu. Niliitazama. Simu ikazima, nikamwomba aiwashe, ikazima tena, nikamwomba tena. Ana masikio ya marehemu. Sikujua hilo. Wewe hukuandika.

Natumaini dukani kwa Mwanabibi hakuna panya.

Baba yenu


Bulyaga
6 Aprili 2024

Baba, shikamoo.

Leo salamu zitakuwa fupi, maana nina hasira na wewe na sijawahi kumkasirikia mkwe, sijui hata kama inaruhusiwa.

Ulikaa chini tangu saa ngapi mpaka hiyo jioni? Kwenye mvua ya Januari? Na ukaniandikia "hapa ni wazima", na habari za ndama! Jenifer amesema kila kitu. Amesema unakunywa chai na ndizi asubuhi, na usiku chai bila ndizi. Amesema ulipomwona akiingia ulijifanya unafagia, na ufagio ulikuwa umeushika juu chini.

Mimi nami niseme ukweli wangu, tuwe sawa. Huku si sawa hata kidogo. Juzi Mwanabibi aligeuka kuchukua sabuni, aliporudi akakuta mteja amemlaza Mgeni kwenye mzani wa mchele, ati anajaribu tu. Nafundisha hesabu huku namfikiria mtoto, nimewaambia darasa la tatu saba mara nane ni arobaini na mbili, wakaandika. Namba Kumi na Nne ndiye aliyenyoosha mkono kunisahihisha.

Chumba cha uani alichokuwa analala Tulia kipo wazi. Kina mlango wake na dirisha linaloangalia migomba. Njoo ukae kwetu, Baba. Ng'ombe Sekela atawatunza. Mtoto wangu hana mtu wa kukaa naye, na wewe huna mtu wa kukuinua ukianguka. Naogopa siku moja Sekela hatapita. Sijui nilisemeje kwa adabu zaidi ya hapo.

Tupokigwe


Mpuguso
28 Aprili 2024

Mama Jenifer, ugonile.

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya mvua. Najua Sekela amekuja sokoni mara tatu katika mvua hiyohiyo. Tuiache.

Kwanza, mzani wa duka la mchele hauaminiki, kilo zilizopatikana pale usiziandike popote.

Suala la chumba nimelifikiria. Baba mkwe kukaa ua mmoja na mkamwana! Wazee waliolala hapa migombani wangenifukuza kwa fimbo ya kuku. Nimejaribu kukataa. Nimeandika barua mbili za kukataa na zote nimewashia moto. Halafu jana nilitaka kuinuka kutoka kwenye kigoda, sikuweza, nikabaki pale nikawaza kwamba kuna mtoto mjini ana jina langu na masikio ya mke wangu, na analala kwenye magunia.

Nitakuja, kwa masharti. Asubuhi utamlaza mtoto kwenye mkeka barazani, utakohoa mara mbili, utaondoka. Mimi nitahesabu hadi hamsini ndipo nitatoka. Ukirudi utakohoa tena ukiwa bado barabarani. Mimi nikitaka kuvuka ua kwenda chooni nitaimba wimbo wa kanisani. Ukisikia wimbo, ingia ndani. Jenifer atakuwa mjumbe. Barua ziendelee, kwa sababu chumvi mtu huombaje?

Lusungu anichukue Jumamosi, akiwa na lori tupu. Nina mzigo kidogo. Naleta mzani wangu.

Baba yenu


Bulyaga, nyumba kubwa
9 Juni 2024

Baba, shikamoo.

Natumaini umeamka salama hapo hatua kumi na nne kutoka kwangu. Sisi nyumba kubwa hatujambo, ila baridi ya Juni.

Nikushukuru kwanza, ndaga fijo. Mwezi mzima sasa naingia darasani na akili zangu zote. Mgeni ananenepa, anacheka peke yake, na nguo zake nazikuta zimekunjwa kwa mistari kama daftari la karani.

Lakini utaratibu wetu unanishinda. Jana uliimba beti nne, nikajifungia jikoni nikangoja, kumbe ulikuwa unaimba tu kwa kujifurahisha na maharage yangu yakaungua. Mwanabibi ameniuliza kama tumefungua kanisa. Na mjumbe wetu amezidi: badala ya kuninong'oneza, anasimama katikati ya ua na kutangaza, "Babu anakwenda chooni! Kila mtu apishe!" Mtaa mzima sasa unaijua ratiba yako.

Halafu kuna jambo dogo. Nikirudi saa nne kunyonyesha, namkuta Mgeni ana ndizi kidevuni. Bado hajatimiza miezi sita, Baba. Kliniki wamesema maziwa tu.

Tupokigwe


Chumba cha uani
10 Juni 2024

Mama Jenifer, ugonile.

Ndizi ile alijipaka mwenyewe. Iliyokuwa mkononi mwangu aliifuata yeye.

Wimbo nitapunguza beti. Jenifer nimemwonya, amesema atatangaza kwa Kiingereza ili majirani wasielewe.

Kilo saba na gramu mia nne leo asubuhi, kwa mzani wa kuaminika. Nimeangalia mara mbili kwa sababu anarusha miguu. Wewe unamwita Mgeni, mimi namwita Wajina, dada yake anampa jina kamili na matusi juu. Mtoto huyu akikua atafikiri yuko na wenzake wawili.

Uji wa jana ulikosa chumvi.

Baba yenu


Bulyaga, nyumba kubwa
17 Agosti 2024, saa nane mchana

Baba,

Shikamoo sijui kama nina haki ya kuitoa.

Jenifer amechungulia dirishani kwako akaja kuniambia, "Babu amelitoa begi, anaweka vitu kitandani." Kabla hujaondoka nisikilize, tafadhali.

Nilikuwa kwenye kamba naanika mashuka. Jiko la mkaa lilikuwa katikati ya ua, maharage yanachemka. Mtoto nilimwacha kwenye mkeka, na Jenifer nilimwambia amshike, lakini Jenifer aliona paka. Nilipogeuka alikuwa ameshatambaa hadi kwenye jiko, ameinua mkono kushika bati la jiko lililokuwa jekundu kwa moto. Nilikuwa mbali, Baba. Nilikuwa na shuka bichi mikononi. Nikamwita Mgeni, hakugeuka, kwani siku hizi kila anayebisha hodi ni mgeni. Sikujua nimefungua mdomo. Nilisikia tu sauti yangu ikipiga lile jina, lote, kwa ukali, mpaka Mwanabibi akatoka dukani.

Yeye akageuka. Na wewe ukatoka. Bila kukohoa, bila wimbo, bila hata fimbo, sijui ulifikaje pale na miguu isiyokuinua kigodani. Ukamnyanyua kwa mkono mmoja, na tukawa tunatazamana, mimi na wewe, macho kwa macho. Miaka minane! Nikajifunika shuka bichi kichwani kama mjinga. Nilipolitoa ulikuwa umeshamweka mtoto barazani na mlango wako umefungwa.

Nimekutaja jina, na nimekutazama usoni. Makosa yote mawili kwa dakika moja, mbele ya majirani. Nipige faini yoyote, nitakubali, hata ya ng'ombe. Ila usiondoke. Mtoto amekuzoea. Jenifer amekuzoea. Na mimi, Baba, nikiwa kazini nikikumbuka kuwa uko nyumbani, moyo unatulia. Nilitaka kukuambia hili siku nyingi na sikujua linaandikwaje.

Tupokigwe


Chumba cha uani
17 Agosti 2024, saa tisa na nusu

Mama Jenifer,

Kwenye begi nilikuwa natafuta kalamu. Wajina aliitupa mvunguni wiki iliyopita na nyingine sikumbuki niliiweka wapi. Nimeipata ndani ya soksi. Mwambie Jenifer aache kupeleleza watu.

Mtoto hana hata alama, nimemkagua vidole vyote kabla ya kumweka chini. Jiko lihamie jikoni leo hii, na hilo si ombi.

Umesema nikupige faini. Nimekaa hapa kitandani saa nzima natafuta kosa, sijaliona. Nitakueleza kitu ambacho sijamwambia Lusungu. Mama yenu alikuwa ananiita jina. Hadharani aliniita Baba Lusungu kama wanawake wengine, lakini tukiwa wawili, hasa akiwa amekasirika, aliniita jina langu, kwa ukali kabisa. Nikichelewa kula, nikiacha mlango wazi kuku wakaingia. Tangu tumemzika ni mwaka mmoja na miezi mitano. Kanisani wananiita Mzee, kijijini Baba, hapa Babu. Wote wananiheshimu, sina lawama. Jenifer hulitaja akimtania mdogo wake, lakini katika miezi hiyo yote hakuna mtu mzima hata mmoja aliyeniita kwa jina langu, mpaka leo saa saba mchana, ulipolipiga katikati ya ua.

Sikukimbia kwa ajili ya mtoto, nisikudanganye. Mtoto nilimwona nilipokuwa nimeshatoka. Nilitoka kwa sababu nimeitwa.

Ruhusa uliyoiomba mwezi wa kwanza nilikuambia sina, na kweli sikuwa nayo. Leo ninayo. Mwite mwanao jina lake. Mwite kwa sauti, mwite ukiwa na hasira, mwite kila siku. Nitajua si mimi unayeniita, lakini nitaitika hivyo hivyo.

Jairo